Udongo Niliompa Mize

Mwanangu Nasra,

Assalaamu alaykum. Barua hutakiwa ianze kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umetoka asubuhi kwenda kuaga watu, kila nyumba unalishwa, na ukirudi utaniambia umeshiba uniachie chakula changu sahanini. Sasa hivi adhuhuri imeshapita. Nimekaa barazani kwetu hapa Mpendae na daftari lako la zamani la hesabu, nimechana kurasa za katikati. Nikimaliza nitazitia ndani ya kile kitabu kinene unachosema utakisoma kwenye ndege kesho. Kama kweli utakisoma, utaziona.

Sikuandikii habari za sweta, wala za kula, wala za sala. Hayo nimeyasema mpaka wewe mwenyewe unayamalizia kabla sijafika mwisho. Nataka kukuandikia habari za udongo. Cheka tu. Mama aliyegombana nawe miaka miwili kwa sababu unaweka vifuko vya udongo kwenye friji pembeni ya samaki wake, leo ndiye huyu.

Kwanza ujue kwamba nalala vizuri. Tangu juzi, nikiweka kichwa nasikia adhana ya alfajiri. Nilikuwa nimeshazoea kuamka na kuhesabu boriti za dari, nikajiambia ni umri. Kumbe si umri.

Juzi nilikwambia nakwenda Mwanakwerekwe kununua viungo vya kukufungia. Nilikudanganya. Mwanakwerekwe nilipita tu. Nilikwenda Muyuni kwa dada yangu Mize, mama mkubwa wako, ambaye sikusema naye neno kwa miaka kumi na moja. Ndiyo maana leo utakaporudi utamkuta jikoni kwetu na kanga yangu kiunoni. Utakapofika kwenye mstari huu utakuwa umeshamkumbatia na kupiga makelele yako, na sote wawili tutakuwa tumekwambia, "Tumepatana tu, mambo ya zamani." Hapa nakwambia yote. Mengine unayajua, lakini unayajua kwa upande wako, na upande wako ndio ulionifanya nishike kalamu.

Shamba letu la Muyuni unalijua. Si kama kule Kizimbani, ambako mtu hutupa mbegu akageuka zake. Kwetu ni mawe. Udongo umekaa kwenye mashimo baina ya jiwe na jiwe, shimo jingine kama sinia, jingine kama kitanda. Anayetaka kulima zaidi hutafuta shimo tupu akalijaza udongo wa kuchukua mahali pengine, pakacha baada ya pakacha. Ndiyo maana kwetu mtu akikupa udongo, amekupa kitu cha maana, na hukumbukwa kwacho. Bibi yako alipofariki tuligawana: Mize akapata upande wa juu, mimi upande wa chini wenye ukuta. Nami nikawa mtu wa tungule, hizo wenzetu wa bara huziita nyanya. Sitakuficha kwamba nilikuwa najisifu. Nilikuwa najisifu mpaka watu wananikimbia.

Mwaka ule nikaleta miche kutoka kitalu kimoja cha mjini, kila mche na kibonge chake cha udongo. Miche mizuri, minene. Nikaipanda kwenye shimo la ukutani na kila anayepita nikamwita aje aione. Haikufika mwezi ikaanza kulegea. Mchana majani yamelala kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na bado ni ya kijani. Jioni yanasimama kidogo, unapata tamaa. Siku ya tatu au ya nne, kwisha. Niliing'oa alfajiri ili mtu asione, nikavunja mashina kwa haraka, mizizi mingine nikaiacha humo humo. Kwangu mimi lile halikuwa ugonjwa, lilikuwa aibu, na aibu mtu huifukia. Nikajiambia shimo limechoka.

Baada ya siku chache Mize akaja. Kafungua mashimo mapya kule juu, anaomba udongo, naye ajaribu tungule. Mimi nilikuwa na udongo mweusi mzuri kwenye mashimo mengine, mwingi. Nikakuita wewe, ulikuwa na miaka kumi na miwili, nikakupa sepetu, nikakuonesha kwa kidole: "Chota pale ukutani." Mapakacha saba. Kisha nikamwambia dada yangu, huku nacheka, "Chukua dada, huu ndio udongo wangu bora."

Nimeyaandika maneno hayo nikaiweka kalamu chini kidogo. Sikumpa ugonjwa kwa makusudi, Mungu ni shahidi, sikujua kama kuna ugonjwa. Lakini nilijua kuwa si bora. Nilimpa nisichokitaka nikakipamba jina.

Tungule za Mize zilikufa zote. Msimu uliofuata zikafa na zangu, maana jembe lililotoka shimo la ukutani ndilo nililoingia nalo katika mashimo yote. Nikapata hasira, na hasira yangu unaijua, haikai nyumbani. Ikawa siku ya hitima ya kila mwaka ya bibi yako. Wanawake wamemaliza kusoma, chakula kinaletwa, mimi nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka uani, "Tangu mtu fulani aanze kulima tungule, Muyuni nzima tungule hazioti. Kuna macho hayashibi." Mize alikuwa amebeba sinia la pilau. Aliliweka mbele yangu taratibu, akanawa mikono, akatoka. Hakurudi. Tulipohamia Mpendae hakuja kutuaga, nami nikasema mnaona, ndiye huyo.

Nimejiuliza mara nyingi kama niliyaamini niliyoyasema. Jibu ni baya: niliyaamini. Nilikuwa nimeifukia aibu ya ile miche ya kwanza vizuri mno hata mimi mwenyewe nikasahau nilipoizika.

Halafu wewe ukakua, ukaenda kusoma, ukarudi miaka miwili iliyopita na vichupa vyako. Siku ile uliyotoka Muyuni na mashina ya tungule yaliyolegea, ukachukua bilauri zangu za wageni bila ruhusa, ukazitia maji safi, ukakata shina na kulining'iniza ndani. Nilikuja kukugombeza nikakuta uzi mweupe unashuka kutoka kwenye shina, mwembamba kama maziwa, unashuka, unashuka. Ukaniambia, "Mama, hao ndio wenyewe, bakteria. Wameziba mishipa ya maji, mmea unakufa kwa kiu na udongo umerowa." Nilikugombeza kwa bilauri tu. Lakini moyo ulinishuka pamoja na ule uzi.

Kisha ukanieleza kazi yako, na nataka ujue nilikuelewa, ingawa nilijifanya kuchambua mchele. Ulisema kila bakteria ana maandishi ndani yake, mamilioni ya herufi, na kila anapojigawa huyanakili yote. Mara moja moja hukosea herufi, na kosa lile hurithiwa na kizazi chake. Ukiyasoma maandishi yote, mwanzo mpaka mwisho, ukalinganisha makosa, unajua nani katoka kwa nani. Nilikumbuka chuoni kwetu utotoni, tulipojifunza Kurani kwa kuandika kwenye mbao. Maalimu akikuta kosa moja kwenye mbao mbili, hakuwa na haja ya kuuliza nani alimchungulia mwenzake.

Ukachukua udongo kwenye kila shimo, langu na la Mize, ukaandika namba, ukapeleka maabara. Miezi ikapita. Siku uliporudi na ile karatasi yenye mchoro kama mti uliolala ubavu, mikono yako ilikuwa inatetemeka. Ulinionesha. Bakteria wa mashimo yangu wana matawi kadhaa. Wa Mize wote wametoka kwenye tawi moja, na tawi lile ni la shimo la ukutani. Ukaniambia kwa upole kwamba haya si hati ya kadhi, ni uwezekano mkubwa, lakini ni mkubwa kweli.

Nikawaka. Nikakwambia, "Umesomeshwa ili uje unitie mimi kosani?"

Ukasema, "Mama, mimi nnasoma tu kilichoandikwa. Hakisemi nani mbaya. Kinasema udongo ulitoka wapi ukenda wapi."

Kisha ukaniuliza, pole pole, "Mama, unakumbuka siku ile tulichotaje?"

Nami nikakujibu, na jibu hilo ndilo linaloniuma kuliko hata la hitima: "Mimi sikumbuki. Aliyekuwa na sepetu ni wewe."

Uliikunja karatasi, ukaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Mimi nikadhani nimeshinda. Mwaka mzima na zaidi nikaishi na ushindi huo, na wewe ukawa mpole kwangu kupita kawaida, nami sikujiuliza kwa nini.

Katikati ya hayo ukapata yale mengine. Kule kwa Mize kuna mashimo matatu ambamo tungule hazifi. Ugonjwa umo humo humo, umeupima, lakini mimea inazaa. Kumbe kwenye mizizi yake wamejaa bakteria wa namna nyingine, na katika maandishi yao mna sehemu ya kutengeneza kitu kinachowazuia wale wabaya. Mize hutia mwani uliooza na majani ya kunde katika mashimo yale, lakini ulikataa kusema ni mwani mpaka upime zaidi. Nilipenda ulivyokataa. Ukaniambia pia jambo lililonichekesha: wako bakteria wanaokaribiana kabisa, ukoo mmoja, mmoja anaulisha mmea na mwingine anauua, na tofauti yao ni mistari michache tu ya maandishi. Nikakwambia hayo hata mimi nayajua, nami sina maabara.

Kwa ajili ya mashimo hayo matatu wakakupa nafasi ya kwenda kusoma Uholanzi. Safari yako yote, mwanangu, inatoka katika shamba la mtu niliyemuumiza. Hilo nililiona, nikalipa kisogo. Mpaka wiki iliyopita uliponijia na orodha yako ya watu wa kuwaomba radhi kabla ya kusafiri, ukauliza, "Mama, nshaaga karibu wote. Kwa mama mkubwa twende pamoja, au nnakwenda peke yangu?" Nilikwambia uangalie wali unaungua, na wali haukuwa jikoni.

Basi juzi nikaenda. Njia nzima nilikuwa napanga hotuba. Nilikuwa na mwanzo mzuri sana, una aya na una hadithi. Nikafika nikamkuta amekaa mlangoni kwake anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo dada."

Akachambua shada moja. Akalimaliza, akachukua jingine. Nilisimama pale juani nikafikiri kwamba asiponiitikia nitarudi zangu, na nitakuaga wewe uwanja wa ndege hali ya kuwa nimekataliwa, na ndiyo haki yangu.

"Marahaba," akasema mwisho. "Vua viatu, nshapiga deki."

Ile hotuba ikapotea yote. Nilikaa kwenye mkeka nikasema, "Dada, ule udongo ulitoka kwenye shimo lililoniulia miche. N'likuwa nnajua imekufa. N'kakwambia ndio bora."

"Nnajua."

"Unajua?"

"Tangu siku ile ile. Mizizi ilikuwa mle mle ndani ya pakacha. Mimi si kipofu, Hawa."

"Na ukautia shambani?"

"N'litia. N'lidhani umechoka tu, ntautilia samadi utapona. Kwani wewe ulijua una maradhi?"

"Wallahi sikujua."

"Basi. La udongo n'shalisamehe zamani. La hitima ndilo lililokaa hapa." Akajigusa koo. "Mbele ya watu, Hawa. Siku ya mama yetu."

Nikalia. Sikulia vizuri kama wanavyolia watu wazima, nililia kwa makamasi. Nikamwambia nisamehe, nikalirudia neno hilo hilo kwa sababu sikuwa na jingine. Aliniacha nilie mpaka nikatulia, kisha akasema, "Nimekusamehe. Na wewe nisamehe."

"Wewe umefanya nini?"

"N'liomba tungule zako zife."

"Zilikuwa zishakufa."

"N'liomba za mwaka uliofuata."

Nasra, tulicheka. Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Miaka kumi na moja sikucheka hivyo, na wala hakuna anayejua kunichekesha namna ile isipokuwa yeye. Nikaona tumeshamaliza. Nikaanza kutafuta viatu vyangu, nimekuwa mwepesi kama niliyetuliwa mzigo wa kuni.

Akanishika mkono. "Kaa. Liko jingine, na hili si langu wala si lako."

Akaniambia kwamba siku ya tatu baada ya hitima ulikwenda kwake, umevaa sare ya skuli, ukasimama pale pale niliposimama mimi. Ukamwambia, "Mama mkubwa, ni mimi niliyechota ule udongo. Mimi ndo niloziua tungule zako na za mama. Msigombane." Akakwambia si wewe. Hukumwamini. Ukamwapisha asinambie. Akatimiza, miaka yote hiyo, na kila ulipokwenda kwake kwa siri ulikuwa unapita kwanza shambani, unakaa kwenye mashimo yaliyokufa, unafukua kwa kijiti.

"Kila mtu anasema mtoto wa Hawa anapenda udongo," Mize akasema. "Mimi nnajua alikuwa anatafuta nini humo."

Mwanangu, nilirudi mjini sioni njia. Kila kitu kilihama mahali pake. Ile mikono iliyotetemeka siku ya karatasi: nilidhani umekuja kunishitaki. Ulikuwa umekuja kuuliza kama ni wewe. Ulisoma miaka yote ile, ukafika mpaka ndani ya maandishi ya kiumbe kisichoonekana kwa jicho, ili mtu mmoja akwambie kwamba si wewe. Na mtu pekee aliyejua, ambaye ni mimi, nikakwambia sepetu ilikuwa yako.

Sikupi nasaha yoyote juu ya hilo. Sina. Nilichonacho ni kwamba siogopi tena. Nilikuwa nadhani nikilikiri kosa moja nyumba itaniangukia. Haikuanguka. Nimekaa barazani kwangu, dada yangu ananiunguzia kitunguu jikoni na kunilaumu mimi kwa kisu kibutu, na nina raha ambayo naona haya kuisema mbele ya mtoto anayesafiri. Utaniacha, na nitalia uwanjani, usinishangae. Lakini nitarudi nyumbani na mtu wa kulia naye.

Huko uendako usiwasome bakteria hao kwa ajili ya kutafuta mkosa. Huyo keshapatikana, jina lake Hawa, anakaa Mpendae. Wasome kwa sababu unawapenda, kama kweli unawapenda. Na kama ukigundua huwapendi, kwamba ulikuwa unatafuta jibu tu na sasa umelipata, acha, usome kitu kingine, au urudi uuze vitumbua. Mimi sitauliza.

Mize amekuja, kafuta mikono kwenye kanga yangu mpya, kaichukua barua hii na kuisoma yote akiwa amesimama, midomo inamtikisika. Nimemtaka aisome kwa sababu lile swali ulilowahi kuniuliza nililijibu uongo bila shahidi, na safari hii nataka nilijibu mbele ya mtu. Amerudisha karatasi, kasema, "Andika sasa, mtoto yuko njiani." Basi naandika.

Uliniuliza tulichotaje siku ile. Nakumbuka. Ulianza kuchota kwenye shimo la kati, penye udongo mzuri. Ulishatia sepetu mbili kwenye pakacha la mama yako mkubwa. Mimi ndiye niliyekuzuia, nikamwaga ulichokwisha kuchota, nikakuonesha ukutani. Kama ungeachwa ufanye ulivyotaka wewe, Mize angepata udongo mzima.

Si wewe, Nasra. Haikuwa wewe hata siku moja.

Mama yako,
Hawa